Aliyepunguzwa Kazini Naye Asomeshwe

Mtumishi anayepunguzwa kazini akiwa na miaka 42 bado ana miaka 18 mbele yake kabla ya kufikia 60, umri wa kustaafu kwa lazima nchini Tanzania. Muda huo unatosha kumlea mtoto tangu anazaliwa hadi anamaliza sekondari. Lakini mtu huyo akitafuta msaada wa umma ili ajifunze kazi nyingine, atakuta milango mingi ina sharti la umri, na mara nyingi umri unaotajwa si wake. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa ni mwenye miaka 15 hadi 35, na programu nyingi za kukuza ujuzi zimefuata mpaka huo. Nchini Kenya, mradi wa ajira kwa vijana wa KYEOP ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia uliwalenga wenye miaka 18 hadi 29. Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania nayo huwataka waombaji wasiozidi miaka 45. Katikati ya mipaka hii limebaki kundi kubwa la watu wazima wenye nguvu na uzoefu, ambao hakuna ofisi inayowahesabu kuwa ni wake. Hoja yangu ni kwamba hao ndio ambao mafunzo mapya yanaweza kuwafaa kuliko wengine, na kuwaacha nje ni hasara wanayoilipa pia vijana tunaodai kuwatanguliza.

Tuanze na kile ambacho muda mrefu bila kazi humfanyia mtu. Huko Marienthal, kijiji kimoja cha Austria, kiwanda cha nguo kilipofungwa kuanzia mwaka 1929, karibu kijiji kizima kilibaki bila ajira. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1933. Waliwakuta watu wenye saa nyingi za kupumzika kuliko wakati wowote wa maisha yao, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilikuwa vimepungua karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara njiani, kama watu wasio na pa kuwahi. Uchunguzi huo uliwashtua wengi kwa sababu ilidhaniwa kwamba asiye na kazi hupata hamu ya kujiendeleza au hasira ya kudai haki, kumbe wengi hufifia taratibu. Waajiri nao wana lao. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013, ambapo barua za maombi ya kazi zilitumwa kwa waajiri, ulionyesha kwamba kadiri muda wa kukaa bila kazi ulivyokuwa mrefu ndivyo mwombaji alivyoitwa mara chache, na anguko kubwa lilitokea ndani ya miezi minane ya mwanzo. Sifa za mwombaji zilikuwa zile zile. Kilichomhukumu ni pengo.

Kwetu pengo hilo halionekani kirahisi, maana aliyepoteza kazi hana uwezo wa kukaa bure. Atauza mitumba, atalima kibarua, atafanya deiwaka bandarini, atamsaidia shemeji dukani. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata kwa saa moja katika wiki huhesabiwa kuwa ana kazi. Aliyekuwa fundi mitambo kiwandani kwa miaka 15 na sasa anauza vocha chini ya mwavuli, kwenye takwimu ni mtu aliyeajiriwa. Ujuzi wake umelala, kipato chake kimeanguka, na hakuna jedwali linalomlilia. Ndiyo maana naona tukizungumzia ukosefu wa ajira wa muda mrefu Afrika Mashariki tuwatazame pia hawa waliong'olewa kwenye kazi waliyoijua wakasalia kubangaiza.

Je, mafunzo yanasaidia? Jibu la haraka ni kwamba mara nyingi hayasaidii, na wakosoaji wana ushahidi. Lakini ushahidi huo usomwe wote. Mwaka 2018 wachumi David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 200 kuhusu programu za kuwarudisha watu kazini. Waligundua kwamba katika muda mfupi faida ya wastani inakaribia sifuri. Miaka miwili hadi mitatu baada ya programu kumalizika faida hupanda, hasa kwa programu zinazompa mtu ujuzi. Na walionufaika zaidi walikuwa wanawake pamoja na wale walioingia wakiwa wamekaa bila kazi kwa muda mrefu. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika katika nchi tajiri, na haifai kuzihamishia Tabora au Kisumu bila kufikiri. Hata hivyo kuna funzo lisilotegemea mahali: mradi unaopimwa miezi sita baada ya sherehe ya kugawa vyeti utaonekana umeshindwa hata kama unafanya kazi, na mfadhili atauzima kabla haujazaa. Aliyepoteza kazi wiki iliyopita pengine anahitaji taarifa tu za mahali penye nafasi. Aliyekaa miaka minne amepoteza zaidi ya hapo, ndiyo maana ujuzi mpya una pengo kubwa zaidi la kuliziba kwake.

Kwa mazingira yetu, Uganda imetupa ushahidi wa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha vijana waliopelekwa chuo cha ufundi kwa miezi sita na wengine waliofundishwa kazini kwa muda kama huo, mwajiri akilipiwa. Makundi yote mawili yalinufaika. Waliofundishwa na mwajiri walianza kupata kipato mapema, lakini kadiri miaka ilivyopita waliosoma chuoni waliwazidi, kwa sababu walikuwa na cheti ambacho mwajiri mwingine angeweza kukisoma na kukiamini. Walipopoteza kazi moja waliipata nyingine upesi zaidi. Fundi aliyejifunzia gereji bubu anaweza kuwa hodari kuliko mwenye cheti, lakini uhodari wake unajulikana mtaa mmoja tu. Akihama, anaanza upya kama saidia fundi. Utafiti mwingine wa kaskazini mwa Uganda ulifuatilia vikundi vilivyopewa fedha za serikali, wastani wa karibu dola 400 kwa mtu, kwa ajili ya mafunzo na zana. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko wasiopewa. Baada ya miaka tisa tofauti ya kipato ilikuwa imefutika, kwa kuwa wasiopewa nao walifika, kwa kuchelewa. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama ushahidi wa kushindwa. Mimi nayasoma tofauti: ruzuku ile iliwawahisha watu kwa miaka kadhaa. Kwa kijana wa miaka 20 kucheleweshwa ni jambo zito lakini linavumilika. Mwenye miaka 45 hana miaka tisa ya kusubiri kufika mwenyewe.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa miaka sasa imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi, na Ofisi ya Waziri Mkuu iliuingiza urasimishaji huo wa ujuzi katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi pamoja na uanagenzi. Hii kwangu ndiyo njia inayomfaa zaidi mtu mzima, kwa sababu haimwambii asahau alichokijua. Anapimwa, pengo linaonekana, anafundishwa kile tu kilichopungua. Fikiria makanika wa injini za petroli Dar es Salaam. Magari na bajaji zinazotumia gesi asilia zinaongezeka, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaofunga mifumo hiyo. Makanika huyo anaijua injini tayari. Anachohitaji ni kujifunza mitungi, mabomba, shinikizo na usalama wake, na apate karatasi inayomruhusu mtu kumkabidhi gari. Vivyo hivyo fundi umeme wa majumbani anaweza kusogea kwenye umeme wa jua, na aliyekuwa mtunza stoo akajifunza kuendesha hesabu za bidhaa kwa kompyuta. Mafunzo yanayoanzia kwenye kazi ya jana huchukua muda mfupi na hugharimu kidogo. Kumpeleka kila aliyepunguzwa kazini kwenye kozi ile ile ya ushonaji au ya kutengeneza sabuni, bila kumuuliza alikuwa nani kabla, ni kupoteza fedha na kumvunjia mtu heshima.

Tatizo gumu kuliko yote ni chakula cha jioni. Mtu mwenye watoto wanne hawezi kukaa darasani miezi mitatu bila kipato, hata ada ikiwa bure, na wengi wanaoacha kozi huacha kwa sababu hiyo, si kwa uvivu. Hapa ndipo fao la kukosa ajira lingeweza kufanya kazi kubwa. Mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao hilo kwa anayeachishwa kazi bila hiari yake: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, ikiwa amechangia kwa miezi 18 au zaidi. Fao lilipokelewa kwa manung'uniko, maana wafanyakazi walilizoea fao la kujitoa na wengi wakaona theluthi ya mshahara haitoshi. Manung'uniko yao yana msingi. Ila miezi sita ni muda wa kumaliza kozi fupi na kupimwa, na theluthi ya mshahara inaweza kumshikilia mtu anayejua anaelekea wapi. Kwa wale ambao hawakuwahi kuchangia mfuko wowote, ambao ndio wengi, suluhisho la karibu ni masomo ya jioni na ya siku za mwisho wa wiki, pamoja na posho ya nauli. Mama anayeuza chakula asubuhi anaweza kusoma kuanzia saa tisa alasiri. Hawezi kusoma saa mbili asubuhi.

Wapo watakaosema vijana ni wengi na fedha ni kidogo, hivyo watangulizwe. Nakubali kwamba ni wengi. Lakini gharama za shule za kijana wa kidato cha tatu hulipwa na huyu mwenye miaka 42, na anapoanguka yeye, mtoto ndiye anayerudishwa nyumbani kwanza. Tena uanagenzi hauwezekani bila mafundi wakuu. Fundi mtu mzima aliyerasimishwa akafungua karakana anawapokea vijana wawili au watatu wa kufundisha, kazi ambayo serikali ingeifanya kwa gharama kubwa zaidi. Hoja ya kwamba mtu mzima hashiki masomo haraka ina ukweli mdogo unaotiwa chumvi. Kinachomshinda mara nyingi ni kitabu cha Kiingereza na mtihani wa maandishi, kwa hiyo afundishwe kwa Kiswahili na apimwe kwa vitendo. Hoja nzito zaidi ni ya wanaouliza: mnawafundisha kwa ajili ya kazi zipi, ikiwa kazi hazipo? Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliosaidiwa kutafuta kazi walizipata mapema, lakini kwa sehemu waliwapita tu wenzao wasiosaidiwa. Jambo hilo lazima tulikubali: mafunzo hayaumbi viwanda. Hata hivyo msaada uliopimwa Ufaransa ulikuwa wa kutafuta nafasi, na foleni ni foleni. Anayejifunza kufunga gesi au umeme wa jua anafanya kazi ambayo bila yeye ingekosa mtu, au ingefanywa vibaya na kuleta hatari.

Tanzania iliwahi kuamini kwamba mtu mzima anastahili kusomeshwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden, vyuo zaidi ya 50 vilivyokusudiwa watu wazima wa vijijini. Majengo yapo hadi leo, na baadhi ya kozi zake zimewarudisha masomoni wasichana waliokatishwa sekondari, kazi inayostahili sifa. Kilichobaki ni kumrudisha ndani yake mtu aliyelengwa tangu mwanzo. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unayo majina ya wanaodai fao la kukosa ajira na unawajua waajiri wao wa zamani. VETA inao wapimaji na karakana. Siku mtu anapojaza fomu ya fao apewe pia barua ya kwenda kupimwa ujuzi katika chuo kilicho karibu naye, na tarehe yake iwe ndani ya mwezi wa kwanza, wakati bado ana miezi mitano ya malipo mbele yake.