Twiga wa Malindi na Jiwe la Uchina

Kwa maelfu ya miaka mafundi wa Uchina wamechonga jiwe la jedi, wakitoa humo majoka na qilin, mnyama wa hadithi aletaye heri. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle, na wakuu wa baraza wakamsifu kuwa ndiye qilin mwenyewe.

Mchuuzi akipita Gitega au Muyinga na sanamu ya namna hiyo, mnunuzi na awe macho. Jedi ya kweli ni baridi mkononi, na kisu cha kawaida hakiikwaruzi; vipovu ndani yake ni dalili ya kioo. Lakini kitu cha kale kisijaribiwe kwa kisu, kwani kovu halifutiki.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni kuuza kwa bei ya chumvi ngoma au mkuki wa babu. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, huhifadhi vitu vya namna hiyo. Askari anayehamishwa, kabla ya kufunga mizigo, aandike kila kirithi kilitoka kwa nani na kilitumikaje. Kirithi kisicho na habari zake, wajukuu hukiona kuni.