Kodi Ileile, Uzito Tofauti

Kaya nyingi za wakulima katika kata ya Itiryo, wilayani Tarime mkoani Mara, hazina mtu hata mmoja aliyewahi kujaza fomu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hazikatwi kwenye mshahara, kwa kuwa mshahara hakuna. Hata hivyo hulipa kodi karibu kila siku: kwenye mche wa sabuni, kwenye bati, kwenye muda wa maongezi, kwenye nauli ya bodaboda, kwenye gunia linalopelekwa sokoni. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anaibeba serikali, kuhesabu wenye namba ya mlipakodi hakusaidii sana. Linalosaidia ni kupima kiasi gani cha fedha ya kaya kinachukuliwa, na kaya inabaki na nini baada ya hapo.

Kodi inayojulikana kuwa rafiki wa mnyonge ni ile ya mishahara, yaani PAYE. Mfanyakazi ambaye mshahara wake unaotozwa kodi hauzidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi chochote. Kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kiwango kilichoshushwa kutoka asilimia 9 mwaka 2021. Baada ya hapo asilimia hupanda hadi 20, kisha 25, na kila shilingi inayovuka milioni moja hukatwa asilimia 30. Mwenye 520,000 hulipa 20,000 tu, chini kidogo ya asilimia 4 ya mshahara wake. Mwenye milioni moja na nusu hulipa 278,000, zaidi ya asilimia 18. Hivyo ndivyo kodi inavyopanda pamoja na uwezo.

Tatizo ni kwamba ngazi hii inawahusu wenye ajira rasmi, ambao katika Tarime na wilaya jirani ya Serengeti ni walimu, wauguzi, askari, watumishi wa halmashauri, wa hifadhi na wa migodi. Mkulima hayumo. Tajiri mwenyewe naye mara nyingi hayumo, kwa sababu utajiri mkubwa hautokani na mshahara. Mtu anayeishi kwa gawio la hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5 ya gawio hilo. Kwa kampuni nyingine asilimia 10. Kweli, kampuni imeshalipa kodi ya mapato ya asilimia 30 kabla ya kugawa faida. Lakini mwalimu mkuu anayetazama hati yake ya mshahara ana haki ya kushangaa kuona jasho lake linatozwa kwa ngazi na fedha ya mwenzake inatozwa kwa kiwango kimoja.

Mkulima hukutana na serikali kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009. Watu wengi vijijini huamini hawailipi, na sababu inaeleweka: duka la kijijini halina mashine ya EFD inayotoa risiti yenye mstari wa VAT, wala mwenye duka hajasajiliwa, kwa kuwa usajili wa lazima unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Lakini sabuni ile ilitoka kiwandani, ikapita kwa muuzaji wa jumla Mwanza au Tarime mjini, na huko kodi ilishalipwa. Mwenye duka asiyesajiliwa hana pa kuidai. Anaiingiza kwenye bei, na mteja anaimaliza. Ni kodi inayolipwa bila kuonekana, na kodi isiyoonekana haimpi mtu nguvu ya kuuliza imekwenda wapi.

Asilimia 18 ni ileile kwa wote, ila haiumi sawa. Kaya yenye kipato kidogo hutumia chote ilichopata mwezi huohuo, hakuna akiba. Kaya yenye nafasi hutumia sehemu, nyingine ikanunua kiwanja, hisa au ng'ombe, ambavyo havitozwi VAT. Ukilinganisha kodi na kipato chote badala ya matumizi, asiye na akiba ndiye aliyetozwa zaidi.

Kinachomwokoa mkulima wa Itiryo ni sahani yake. Vyakula visivyosindikwa vimesamehewa VAT: mahindi, maharage, ndizi, mihogo, mboga, nyama mbichi. Zaidi ya hayo sehemu kubwa ya anachokula hakinunui, kinatoka shambani na kwenye zizi lake. Huu pengine ndio msamaha wenye manufaa makubwa kuliko yote katika mfumo wa kodi wa Tanzania, ingawa wachumi wana hoja dhidi yake: tajiri hula vingi na vizuri zaidi, kwa hiyo kwa hesabu ya shilingi anasamehewa zaidi ya maskini. Hoja ni ya kweli. Ila kwa kaya ambayo nusu au zaidi ya fedha yake huishia kwenye chakula, kuondoa msamaha huo kungekuwa sawa na kuondoa mlo.

Wakenya waliliona jambo hilo kwa macho. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza, miongoni mwa mengine, VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana waliingia barabarani, watu wakapoteza maisha, na tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni Nairobi, Rais William Ruto alitangaza kutotia saini muswada huo. Pendekezo la mkate lilikuwa limeshaondolewa siku chache kabla, lakini ndilo lililowafanya watu wa kawaida wausome muswada.

Kodi nyingine hazina asilimia kabisa. Zina kiasi kimoja kwa kila kipimo. Tangu Julai 2023 saruji hutozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo, yaani shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa kilo 50. Anayesakafia chumba kimoja na anayejenga ghorofa mjini Mugumu hulipa elfu moja ileile kwa mfuko. Mafuta ya petroli na dizeli yamesamehewa VAT, lakini yamebeba ushuru na tozo zinazohesabiwa kwa lita. Shilingi 100 ziliongezwa mwaka 2021 na nyingine 100 mwaka 2023. Asiye na gari hulipa hizo kwa mlango wa nyuma, kupitia nauli na gharama ya kusafirisha kila kitu kinachopanda milima ya Tarime.

Mfano ulio wazi zaidi ni kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU, yaani ununuzi wa umeme kabla ya kuutumia, na tangu 2022 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Kaya inayonunua umeme wa shilingi 5,000 kwa mwezi, wa taa mbili na kuchaji simu, hupoteza asilimia 30 ya fedha hiyo kabla ya kupata uniti moja. Kaya yenye friji na pasi inayonunua wa 150,000 hupoteza asilimia 1. Sheria inawasamehe wazee wenye miaka 60 na kuendelea kwa nyumba wanayoishi, pamoja na nyumba za udongo, na hilo ni jema. Lakini mita haijui nani mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba ndiye anayekatwa, kisha anabaki kumkumbusha mwenye nyumba amrudishie.

Wazee wa Mara hawahitaji kuelezwa hatari ya kodi ya kiasi kimoja. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakaiendeleza kama kodi ya nyumba na ya kichwa. Haikuuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Iliuliza kama ana kichwa. Shabaha yake ilikuwa pia kumlazimisha mwanamume atafute fedha taslimu, ama kwa kuuza mazao ama kwa kwenda kufanya kazi za vibarua mbali na kwao. Baada ya uhuru kodi ya aina hiyo ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Mgambo walikamata watu asubuhi, na wanaume wakalala migombani. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na kundi zima la ushuru mdogomdogo ulioitwa kodi za kero. Kwa kaya maskini, hiyo ilikuwa moja ya nafuu kubwa ambazo serikali imewahi kuzitoa kwa kalamu.

Sura ya kodi ya kichwa nusura irudi kwa njia ya simu. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi kikomo cha 10,000 kwa muamala. Kikomo ndicho kilichoifanya imwelemee mwenye kidogo: kadiri kiasi kilivyokuwa kikubwa, ndivyo tozo ilivyokuwa sehemu ndogo yake. Tena mwenye akaunti angeweza kuhamisha fedha benki bila tozo, hadi ilipofika huko pia mwaka 2022. Mama anayesubiri hela ya matibabu kutoka kwa mwanawe Mwanza au Dar es Salaam hakuwa na njia nyingine. Malalamiko yalikuwa makubwa. Viwango vilipunguzwa asilimia 30 Septemba 2021, kikomo kikashushwa hadi 4,000 mwaka 2022, na kuanzia Julai 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, ikabaki ya kutoa fedha taslimu. Kwa kijiji ambacho mihogo, vibarua na ada hulipwa kwa noti, ya kutoa ndiyo hasa inayowagusa.

Wafanyabiashara wadogo wana kodi yao ya makadirio, na hapa umaskini unaopimwa ni wa daftari. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Desemba 2018 kundi hili lilianza kupewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000. Kati ya milioni 4 na 7, anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Asiyetunza hulipa 100,000 moja kwa moja. Chukua wauza dagaa wawili wenye mauzo ya milioni 4.1 kila mmoja: wa kwanza, mwenye daftari, atalipa 3,000, wa pili 100,000. Nia ya sheria ni kuwazoesha watu kuandika, ila anayekosa ni yule yule aliyeishia darasa la nne.

Halmashauri nazo zina mkono. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5 hadi mwaka 2017, ulipopunguzwa kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kuvuka wilaya bila ushuru. Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Kiutendaji mnunuzi wa kahawa au mahindi huupiga hesabu kabla ya kutaja bei, na mkulima mwenye shida ya fedha hana ubavu wa kungoja mnunuzi mwingine. Mnadani ushuru ni kwa kichwa cha ng'ombe: dume lililonona la mfugaji mwenye zizi kubwa na mtamba aliyekonda wa mjane aliyeuza kwa ajili ya hospitali hutozwa sawa. Kundi lenyewe, ambalo kwa Wakurya wa Tarime ndiyo benki, halitozwi likiwa zizini, hata likifika mamia.

Wilaya hiyohiyo ya Tarime ina mlipakodi wa aina nyingine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kwa miaka mingi mikataba ya madini iliyozipa kampuni nafuu kubwa ilikuwa chanzo cha ugomvi. Mwaka 2017 sheria zilibadilishwa: mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwaka 2020 Barrick, inayoendesha mgodi huo, na serikali zikaafikiana kupitia kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Kwa Itiryo lililo karibu zaidi ni ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya mgodi, ambao huingia Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Ni fedha nyingi kuliko ushuru wa magunia yote ya kata, na haimkwangui mkulima hata senti.

Ndiyo maana nusu ya pili ya hesabu ya kodi ni matumizi. Kodi inayomwelemea maskini inaweza kumrudia ikawa zahanati yenye dawa, na halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Fedha isiporudi, kaya hutozwa mara ya pili kwa jina la mchango: wa darasa, wa choo cha shule, wa chakula cha wanafunzi, kiasi kimoja kwa kila kaya. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne imefutwa na michango ya lazima kukatazwa, lakini mingi imeendelea kwa jina la hiari.

Viwango vya VAT na PAYE hupangwa bungeni Dodoma kila Juni, mbali na Itiryo. Ushuru wa mnada na wa soko hupangwa na baraza la madiwani kwa sheria ndogo, na mapato na matumizi ya kijiji hutakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu unaoitishwa kila miezi mitatu. Mwananchi aliyelipa kupitia sabuni, saruji na LUKU ana haki ya kusimama pale na kuuliza, na mtendaji ana wajibu wa kumjibu kwa tarakimu.