Mkaguzi wa Bima Akipiga Hodi

Ndugu msomaji, huenda siku moja ukaona pikipiki inasimama mbele ya nyumba yako, na bwana mmoja mwenye faili kwapani na futi ya kupimia mkononi anapiga hodi. Usidhani amekuja kudai kodi, wala usiwaambie watoto waseme kwamba baba yuko shamba. Bwana huyo ni mkaguzi wa bima. Ametumwa aitazame nyumba yako kabla kampuni yake haijakubali kukulipa fidia siku itakapoungua au kubomoka.

Hapa Ifakara, na katika bonde lote la Kilombero, hasara ya nyumba twaijua. Wenye nyumba karibu na Mto Lumemo hawahitaji kuhadithiwa maji yanavyoingia usiku, kimya kimya, hata godoro likaanza kuelea. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 katika nchi yetu, na nyumba zaidi ya 10,000 zilikuwa zimepatwa na madhara. Wengi katika hao walianza tena kwa mikono mitupu, kwa msaada wa ndugu na majirani.

Bima si jambo geni katika nchi hii. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na tangu 1967 lilifanya kazi hiyo peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Siku hizi yako mengi, na yote yasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Hata benki nyingi huuza bima kwa niaba ya makampuni hayo. Ndiyo maana mtu wa kijijini aliyeweka nyumba yake rehani ili apate mkopo hujikuta anaambiwa, “Sasa na bima.” Hapo ndipo wengi wetu tunapokutana na mkaguzi kwa mara ya kwanza.

Lakini usichanganye watu wawili. Mthamini ndiye anayekadiria bei ya nyumba kwa ajili ya benki, na malipo yake kwa kawaida humwangukia mwenye kukopa. Mkaguzi wa bima hatafuti bei ya kuuzia. Yeye atafuta hatari, na mara nyingi gharama yake ni ya kampuni. Akikuomba pesa mkononi, mwombe kitambulisho, kisha uipigie simu ofisi iliyomtuma.

Basi, atatazama nini? Ataanza nje. Atauliza kuta ni za nini: matofali ya kuchoma, ya saruji, au miti na udongo. Atatazama kama msingi umeinuka juu ya ardhi, kama kuna nyufa, kama lenta ipo. Atainua macho kwenye paa. Paa la nyasi au makuti halipendwi na makampuni. Mengine hulikataa kabisa, mengine hutaka malipo makubwa zaidi, na tusiwalaumu sana, maana cheche moja ya moto wa shamba mwezi wa Septemba twajua inavyofanya. Kwenye bati atatazama kama kenchi zimeliwa na mchwa. Hasara ya mchwa, kutu na uchakavu hailipwi, kwa sababu bima ni kwa ajili ya ajali ya ghafula.

Ndani atafuata nyaya za umeme. Waya uliovutwa kutoka kwa jirani kupitia dirishani, au swichi iliyounganishwa na kijana wa mtaani asiye na leseni, ataandika. Atauliza mnapikia wapi. Jiko la kuni lililo mbali kidogo na nyumba ni alama njema kwako. Mtungi wa gesi uliobanwa kitandani mwa watoto si alama njema, na hapo hata bila bima yafaa uuhamishe leo.

Nikueleze sasa habari za shemeji yangu. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, nzuri, lakini kiwanja chake kiko bondeni. Maji yalipopungua mwaka ule, yaliacha mstari wa tope kuta zote, sawa na kiuno cha mtu mzima. Alipopata habari kwamba mkaguzi wa bima yuaja Jumatano, Jumanne alinunua chokaa, akapaka nyumba nzima kwa siku moja. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi, na siwezi kusema kwamba sikujua kazi ile ilikuwa ya nini.

Mkaguzi alifika, akakaribishwa kiti, akapewa maji ya kunywa, akaisifu nyumba. Halafu akazunguka. Nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo brashi haikufika, akasimama kidogo, hakusema neno. Akatoka uani, akamkuta binti wa shemeji, mtoto wa miaka saba. Akamwuliza kwa upole, “Mama, yale maji ya mafuriko yalikufika wapi?” Mtoto akaweka mkono juu ya kichwa chake, akacheka, akasema, “Hapa! Baba alinibeba.”

Shemeji aliinamisha uso. Yule bwana hakufoka. Akasema, “Mzee, ungenificha leo, ningeandika kwamba maji hayafiki hapa. Ungelipa ada miaka mitatu, minne. Siku yangekuja tena, mwenzangu angekuja kukadiria hasara, angewauliza majirani, na kampuni ingekataa kukulipa hata senti moja. Hapo ungekuwa umenidanganya mimi au umejidanganya nafsi yako?”

Msomaji, neno hilo lishike. Mkataba wa bima wasimama juu ya kusema kweli kupita mikataba mingine mingi. Ukiuza mbuzi, mnunuzi humpapasa mwenyewe. Katika bima, wewe ndiwe unayeijua nyumba yako, na sheria yakutaka useme kila jambo kubwa linaloweza kumfanya mwenye kampuni akubali, akatae au aongeze malipo, hata kama hakukuuliza. Ukificha, yeye ana haki ya kuuvunja mkataba. Wako waendesha maduka wanaoweka petroli ya pikipiki katika chupa chumba cha mbele, na siku ya ukaguzi huzihamishia kwa jirani, kisha huandika katika fomu, “nyumba ya kuishi.” Hao hununua karatasi tupu.

Uliza pia waziwazi juu ya mafuriko. Wengi hudhani kwamba hati ya bima hufunika kila balaa. Hati ya bima ya moto, kwa mfano, yaweza kutaja moto na radi tu, na mafuriko yakawa ni jambo la kuongezwa kwa malipo yake. Mwambie mkaguzi au wakala akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa neno hilo.

Liko jambo jingine ambalo latuhusu sisi wa bonde hili kuliko watu wa Dar es Salaam. Wakati wa mpunga, jamaa nyingi hufunga nyumba ya mjini au kijijini, wakahamia shamba, wakaishi katika dungu miezi na miezi wakilinda ndege na nguruwe. Hati nyingi za bima zina kifungu kinachosema kwamba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku kadhaa, mara nyingi 30, wizi hautalipwa, au kinga yapungua, isipokuwa kampuni imearifiwa. Basi, mkaguzi akiuliza, “Mwakaa hapa mwaka mzima?” usijibu “Ndiyo” kwa heshima tu. Mwambie, “Kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani tuko shamba, na mama mkubwa hulala hapa,” au hakuna anayelala. Mkaguzi aliyezoea Kilombero atakuelewa, na yule mgeni atajifunza. Hali kadhalika mpunga. Magunia yakilundikwa chumbani baada ya mavuno, hiyo ni mali nyingi, na nyumba iliyofanywa ghala si sawa na nyumba ya kulala tu. Yasipotajwa, usiyangojee katika fidia.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo ugomvi mwingi hutokea. Mkaguzi atakuuliza, ukiijenga nyumba hii upya leo, itakugharimu kiasi gani? Kiwanja usikihesabu, kwa kuwa kiwanja hakiungui. Wengine hutaja kiasi kidogo ili walipe ada ndogo. Tuseme nyumba ni ya shilingi 40,000,000, nawe ukasema 20,000,000. Jiko likashika moto, hasara ikawa 10,000,000. Wewe wadhani utapata zote, kwa sababu hazizidi 20,000,000. La! Kampuni yaweza kusema kwamba uliikatia bima nusu ya nyumba, basi nayo yalipa nusu ya hasara, yaani 5,000,000, kisha yapunguza sehemu ile ambayo mwenye mali hujibebea mwenyewe kwa kila ajali. Na kutaja kiasi kikubwa kupita kweli nako hakufai, kwa kuwa fidia hurudisha ulichopoteza, haikutajirishi. Weka risiti za saruji, bati na nondo pamoja na vyeti vya ubatizo, mahali pakavu.

Ukaguzi ukiisha, ngoja jibu kwa maandishi. Laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana, au ndiyo kwa masharti: badili nyaya, hamisha jiko, chimba mtaro. Masharti hayo yatimize kweli, kwa kuwa yamo katika mkataba. Na ukikubali, ujue kwamba pasipo malipo hapana bima. Kwa hiyo dai risiti, na hati iliyo na jina lako lilivyoandikwa sawasawa.

Likitokea la kutokea, atakuja mtu mwingine, mkadiriaji wa hasara. Zimamoto waitwa kwa namba 114. Iarifu kampuni upesi, mwarifu na mtendaji wa kijiji, piga picha, ziba paa lisizidi kuvuja, lakini usibomoe wala kutupa vilivyoungua kabla havijaonekana. Ukiona umedhulumiwa katika malipo, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, nawe waweza kupeleka shauri lako huko kabla ya kufikiri habari za wakili.

Ama shemeji yangu, jibu lake lilikuja baada ya majuma matatu. Moto walimkubalia mara moja. Mafuriko wakasema achimbe kwanza mtaro upande wa mtoni, na ainue kizingiti cha mlango wa nyuma kwa matofali matatu. Kizingiti kimekwisha. Mtaro tumefika nusu, yeye na mimi, kila Jumamosi asubuhi, na yule binti ndiye anayetuletea maji ya kunywa.