Masereka: Dosie inaweza kujiandikia orodha yake, lakini angalia umeweka nini ndani

Kwa finalisti wa Masereka, kwenye milima ya baridi ya Lubero kusini mwa Butembo, kutafuta itemu za zamani za Exetat kwenye intaneti ni kula mega. Shule yenye kompyuta moja na kisanduku cha Wi-Fi inaweza kuziweka hapo, wanafunzi wakazifungua kwa simu bila kulipa mega hata moja.

Shida huanzia kwenye ukurasa wa kuingilia. Sekreteri anaandika viungo kwa mkono: Fizikia 2019, Kemia 2021. Mwezi ujao anatia faili kumi mpya ndani ya dosie na kusahau viungo vyake. Faili zipo, lakini kwa mwanafunzi ni kama hazipo.

Heri kompyuta isome dosie yenyewe. Apache, programu ya seva inayotolewa bure, ikikuta dosie isiyo na faili ya index.html, inaweza kutengeneza ukurasa wenye jina, ukubwa na tarehe ya kila faili, na kila jina ni kiungo. Mwenye Python anafungua dosie na kuandika mstari mmoja tu: python3 -m http.server. Simu zilizo kwenye Wi-Fi hiyo zinaandika anwani ya kompyuta na kumalizia :8000, basi. Kazi inayobaki kwa sekreteri ni majina: fizikia-2019.pdf linaeleweka, scan0047.pdf halimsaidii mtu.

Ila orodha hiyo haichagui. Inaonyesha karibu kila kitu kilichomo, pamoja na dosie ndogo za ndani. Tangu M23 iteke Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, Lubero imepokea wakimbizi wengi, na watoto wao wanahitaji shule. Orodha ya majina yao, vijiji walikotoka na simu za wazazi ikisahauliwa karibu na itemu, yeyote aliye kwenye Wi-Fi ataisoma. Hapa kwetu jina na kijiji vinatosha kumtia mtu hatarini.

Kwenye Apache, orodha inazimwa kwa kuandika Options -Indexes. Nginx haionyeshi orodha mpaka mwenyewe aiwashe. Python haina ulinzi wa namna hiyo, na watengenezaji wake wenyewe wanaonya isitumiwe kwenye intaneti ya wazi. Anayeitumia shuleni atengeneze dosie ya itemu peke yake, na amri aiandike akiwa ndani ya hiyo tu.