Intaneti na Jabia la Mji

Watu wa Kisiwa cha Pate wanaijua thamani ya kitu kishukacho kutoka juu. Miji ya kisiwa hicho, Mbwajumali ikiwa mmoja wao, kwa miaka mingi imetegemea maji ya mvua yakusanywayo katika jabia. Na jabia ni la mji; mwenye nyumba ya mawe na mwenye nyumba ya makuti huteka pamoja. Leo iko mvua nyingine inayongojwa kwa hamu, nayo ni intaneti ya nyumbani isiyotumia waya, yenye kasi na bei nafuu.

Hamu hiyo si ya anasa. Kijana amalizaye kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kikuu kwa mtandao. Atakaye pasipoti ili aende kutafuta riziki Ghuba, sharti aanzie eCitizen. Mama mwenye mwana Maskati au Jidda ataka kumwona uso wakisalimiana, wala si kusikia sauti ikikatikakatika. Mtandao ukikosekana, huenda mtu akapanda mashua hadi Amu kwa shughuli ya dakika kumi, alipe nauli na pengine alale huko huko.

La ajabu ni kuwa intaneti yenyewe hupita mbele ya visiwa hivi. Juni 2009 waya wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Ulifuata takriban njia ile ile ya majahazi ya kaskazi. Lakini majahazi yakitia nanga Pate na Amu, waya haukutia. Nayo 5G, ambayo Safaricom ilianza kuiuza nchini Oktoba 2022, mawimbi yake ya kasi hayaendi mbali. Yataka minara mingi na wateja wengi waliokaribiana, na katika hesabu ya mfanyabiashara, mji mdogo wa wavuvi hauwi wa kwanza.

Ndipo macho yakaelekea mbinguni. Julai 2023 Starlink ilianza kazi Kenya. Setilaiti zake huzunguka kiasi cha kilomita 550 juu ya ardhi, ilhali zile za zamani hukaa karibu kilomita 36,000, ndiyo sababu mazungumzo yake huchelewa. Mwanzoni mtambo wake uliuzwa karibu shilingi 90,000. Agosti 2024 kampuni ikaruhusu kuukodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, pamoja na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Mwezi uliofuata Safaricom nayo ikawaongezea kasi wateja wake wa majumbani wanaotumia waya, bila ya kupandisha bei. Vita vya panzi, furaha ya kunguru!

Hata hivyo, msomaji, tufanye hesabu. Kwa bei hizo za 2024, kukodi na kifurushi ni shilingi 3,250 kila mwezi. Mwenye mshahara aweza. Lakini mvuvi hana mshahara. Kusi likivuma na bahari ikichafuka, dau hukaa pwani, na bili haingoji kaskazi. Hata bei ikishuka tena, nyumba moja moja itaelemewa.

Dawa tunayo, tena ya zamani: tuikinge mvua hii kwa shirika. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya kijamii, yaani mitandao inayomilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wenyewe. Kibera, Nairobi, mtandao wa TunapandaNET umeonyesha kuwa jambo hilo lawezekana. Tena sheria imeweka mfuko wa huduma kwa wote, ambao makampuni ya mawasiliano huuchangia kutokana na mapato yao, ili huduma ifike pale ambapo faida haiwavuti. Mji ulio kisiwani una haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Basi skuli, madrasa, zahanati na chama cha wavuvi wa Mbwajumali wakikaa baraza moja, wakateua amana wao, wakaandika ombi na kulifuatilia kwa Mamlaka na kwa serikali ya kaunti, mtambo mmoja waweza kuwafaa wengi, kila mtu akichangia kwa kadiri ya uwezo wake. Wazee waliochimba jabia hawakungoja kila nyumba ipate birika lake. Walishauriana, wakachanga, wakachimba kabla ya masika.