Kutu, Kani na Silinda Iliyoganda

Mvua za masika zikikaribia, trekta lililolazwa misimu kadhaa chini ya mwembe hufuatwa na kuwashwa. Injini huitika, magurudumu huzunguka, lakini mikono ya nyuma inyanyuayo jembe haipandi hata kidogo. Aghalabu kimbilio la kwanza ni nyundo, na hapo ndipo hasara huanza. Kasha la vali lililotengenezwa kwa chuma cha kusubu hustahimili mgandamizo mkubwa, ila hupasuka likipigwa ghafla; na kipuri cha trekta la mwaka 1955 hakiuzwi kila duka.

Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956, ni mfano mzuri wa matrekta madogo ya namna hiyo, pamoja na Massey Ferguson 35 na 135 yaliyolifuata. Pampu husukuma mafuta, vali huyaongoza, nayo pistoni iliyomo ndani ya silinda huinua jembe. Kanuni yake ni ile aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande.

Katika vali, nafasi iliyopo kati ya kiini kitelezacho na tundu lake ni maikrometa chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikrometa 70 hivi. Maji yakiingia katika mafuta, kutu huota humo, nayo huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa. Kiini hubanwa kama kabari. Waliounda Massey Ferguson 135 walilitambua jambo hili, wakaweka kifaa cha kuitikisatikisa vali bila kukoma pampu inapozunguka, ili isipate nafasi ya kunata. Trekta lisipowashwa, bila shaka, kifaa hicho nacho hulala.

Silinda za nje, kama zile za koleo la mbele au za tela, zina udhaifu mwingine. Nyingi husukumwa na mafuta upande mmoja tu. Upande wa pili una tundu la kuvutia hewa. Usiku hewa hiyo hupoa, unyevu wake hugeuka matone, na kutu huanza papo hapo penye ukuta ambao pistoni hupaswa kupita.

Kuikwamua silinda kwahitaji subira kwanza. Koleo hutegemezwa kwa magogo imara, kanieneo yote iliyobaki hutolewa, ndipo silinda ifunguliwe na kutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu kupitia matundu yake. Mafuta hayo hupenya ufa kwa njia ileile ambayo mafuta ya taa hupanda katika utambi, nayo yafaa kuachwa siku kadhaa. Kisha fito ya pistoni huzungushwa kwa mtaimbo, kidogo kulia, kidogo kushoto. Joto nalo husaidia: bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 50, likipata joto la nyuzi 100 kuliko pistoni, hupanuka kwa milimita 0.06. Lakini silinda iliyozibwa ikiwa na mafuta ndani isipashwe moto kamwe, maana yaweza kupasuka. Na mipira ya kuzibia mafuta huharibiwa na joto hilo.

Njia iliyo bora ni kuitumia kanuni ya Pascal yenyewe. Silinda hujazwa mafuta hadi hewa yote itoke, nipeli ya grisi hufungwa penye tundu la kuingizia, na pampu ya grisi ya mkono hukandamizwa polepole, huku upande wa pili ukiachwa wazi. Pistoni ya milimita 50 ina eneo la milimita za mraba 1,960 hivi. Kwa kanieneo ya megapaskali 15, ambayo matrekta mengi ya zamani huizoea, kani yake ni nyutoni 29,400, sawa na uzito wa tani tatu! Hapana budi kuweka geji, kwani pampu hiyo ndogo yaweza kupita kikomo cha silinda.

Wengine hupendelea upepo wa kompresa. Ni kosa la hatari. Kwa megapaskali 0.8 kani haifiki nyutoni 1,600, na pistoni ikiachia, hewa iliyobanwa hutanuka na kuifyatua kama risasi. Mafuta kwa kanieneo ya megapaskali 15 hupungua ujazo kwa asilimia 1 tu hivi. Pistoni ikisogea kidogo, kani huisha mara moja. Mwalimu aweza kuionyesha tofauti hii darasani kwa mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la maji na moja la hewa, ncha zikizibwa kwa kidole.

Mvujo mdogo wa mafuta yenye kanieneo usitafutwe kwa mkono. Mchirizi wake hutoboa ngozi, na jeraha, hata likionekana dogo, hutaka upasuaji wa haraka. Kipande cha kadibodi chatosha kuuonyesha.

Pistoni ikishatoka, kutu nyepesi ya ukutani huondolewa kwa msasa laini. Fito iliyochimbika haifai kurudishwa, kwani itachana mipira mipya. Mafuta yaliyo meupe kama chai ya maziwa yana maji, nayo humwagwa yote. Trekta likilazwa tena, fito hurudishwa ndani ya silinda, zikae zimefunikwa na mafuta.