Uvimbe wa Ng'ombe Usikisiwe

Mfugaji wa Musoma, Bunda au Butiama aonapo uvimbe katika ngozi ya ng'ombe, upesi husema ni mapele ngozi. Huenda ni kweli: ugonjwa huo, uliotambuliwa kwanza mwaka 1929 katika Zambia ya leo, huleta homa na mafundo mengi mwilini. Lakini chunjua hazina homa, na kidonda kisichopona kando ya jicho chaweza kuwa saratani.

Macho peke yake hayatoshi. Hatuna budi kumwita bwana mifugo akate kipande kidogo, akitie katika fomalini, kikapimwe kwa hadubini katika maabara ya veterinari. Kuuchoma uvimbe kwa chuma cha moto ni kumtesa mnyama na kupoteza ushahidi.

Ndugu wafugaji, ng'ombe ndiye ada ya shule na nguvu ya plau. Tusimpoteze kwa kubahatisha.